Kabla ya darasa la awali, anza na choo na kifungo

Ikifika Oktoba, shule zinapoanza kuandikisha watoto wa mwaka unaofuata, akina mama wenzangu huku Mbagala hunisimamisha njiani na kuniuliza mtoto awe amefika wapi kwenye kusoma kabla hajaanza darasa la awali. Wanangu watatu wamelipitia darasa hilo, wote shule za serikali, na wa mwisho ndiyo kwanza amelimaliza. Jibu langu ni lilelile: herufi mwachieni mwalimu, ana mwaka mzima wa kuzifundisha. Nyumbani mtoto ajifunze kwenda chooni bila kusindikizwa, kuvaa na kuvua, kufungua kopo lake la chakula, na kumweleza shida yake mtu mzima ambaye hajamzoea.

Sisemi hivyo kwa kudharau kusoma, bali kwa sababu nalijua darasa lenyewe. Serikali inakusudia mwalimu mmoja wa awali awe na watoto 25. Tangu ada ilipofutwa mwaka 2016, shule nyingi za mijini zimevuka idadi hiyo kwa mbali. Mwalimu wa darasa la namna hiyo, hata awe na moyo gani, hawezi kumfungulia kaptula kila aliyebanwa. Mtoto anayejiweza anatulia na kusikiliza. Asiyejiweza anashinda na wasiwasi wa haja ndogo, na chochote kinachofundishwa kinampita. Hata mtaala wa awali wa mwaka 2016 haukuanza na kusoma. Ulianza na kuhusiana na kuwasiliana, ukataja kutunza afya na mazingira, sanaa na dhana za hisabati, na kusoma ukakuweka ndani ya kuwasiliana.

Choo kwanza

Ikiwa kwenu mnatumia choo cha kukaa, mtoto wako huenda hajawahi kuchuchumaa kwenye choo cha shimo, na shuleni atakikuta hicho. Mpeleke kwa jirani au kwa bibi yake akajaribu. Aone kwamba miguu inakaa pande mbili, kaptula inashushwa mpaka magotini na kushikwa kwa mbele isiguse chini, kopo la maji linawekwa upande ambao mkono unalifikia. Afundishwe kuchamba mwenyewe, na wasichana waelekezwe kutoka mbele kwenda nyuma. Kisha sabuni. Kila safari, sabuni.

Lililo gumu zaidi ni kuomba. Nyumbani mtoto akishika tu suruali, mama anaelewa. Shuleni hakuna wa kumsoma hivyo. Wanangu niliwazoesha kusema maneno kamili, "Mwalimu, naomba kwenda chooni," na tuliyafanyia mazoezi kama mchezo: mimi mwalimu, nimekaa kwenye kiti, nawapa mgongo, wao wanyooshe mkono na waseme kwa sauti ya kusikika. Waliponong'ona sikugeuka. Niliona hili lina faida kubwa kuliko daftari lolote nililowahi kununua. Ukiwa na dada wa kazi, mwambie naye asimkimbilie mtoto kabla hajasema.

Mwisho, sare yenyewe. Ukiweza, nunua kaptula au sketi ya lastiki badala ya zipu na kulabu. Shati halikwepeki, lina vifungo.

Kifungo kinafundishwa kwa kuanzia mwisho. Tandika shati kuukuu la baba mezani, lenye vifungo vikubwa, wala usimvalishe mtoto kwanza. Wewe ingiza kifungo kwenye tundu mpaka nusu yake itokeze upande wa pili, halafu mwachie mtoto akivute kitoke. Ameweza, anacheka, anataka kingine. Siku nyingine mwachie akisukume na kukivuta. Baadaye alitafute tundu mwenyewe. Ndipo ahamie kwenye shati alilolivaa, akianzia kifungo cha chini kabisa, kwa sababu hicho anakiona na cha shingoni hakioni. Ukianzia mwanzo, yaani kulitafuta tundu, unaanzia penye ugumu wote, na mtoto anachoka kabla hajafurahia chochote.

Viatu havina shida kubwa. Chora nusu duara kwa kalamu ya wino ndani ya kila kiatu, upande wa ndani wa mguu, ili viatu vikipangwa vizuri duara likamilike. Basi, hatavaa tena kulia kushoto.

Vidole kabla ya penseli

Wazazi wengi humkabidhi mtoto wa miaka minne penseli na kumwambia afuatishe nukta. Mkono haujawa tayari, anaikamata penseli kwa ngumi, na ngumi hiyo ikishazoeleka kuiondoa ni kazi. Mpe kazi za jikoni kwanza. Kuchambua mchele kwenye ungo ni kazi ya kidole gumba na cha shahada, nayo ndiyo njia ya kushika penseli. Kupukuchua mahindi kunatia nguvu kiganja. Kukanda unga wa chapati pia, na kubana nguo kambani kwa vibanio. Kazi hizi zipo nyumbani kila siku, hazina gharama, na mtoto anajiona mtu wa maana kwa sababu chakula anachokichambua ndicho kitakacholiwa.

Ukifika wakati wa kuchora, mpe chaki na sakafu ya saruji, na chaki yenyewe ikate vipande vifupi. Kipande kirefu kinashikika kwa ngumi, kifupi hakimpi nafasi. Atalazimika kukishika kwa vidole vitatu. Achore apendavyo: duara, mistari, jua, kuku. Kama anatumia mkono wa kushoto, mwache. Bado nasikia watu wakiwapiga watoto mkono ili wahame kulia, jambo linaloniumiza sana. Mashoto si tabia mbaya, na mtoto anayepigwa kwa sababu ya mkono wake anakuja kuichukia kalamu.

Mchezo wa mdako una kila kitu ndani yake. Mtoto anachimba kishimo, anajaza vijiwe, anarusha kimoja juu na kabla hakijashuka anavitoa vingine kishimoni, halafu anavirudisha akibakiza idadi anayoitaka. Hapo kuna jicho, mkono, subira ya kungoja zamu, na hesabu.

Hesabu na sauti za maneno

Kuimba moja mpaka ishirini bado si kuhesabu. Mwambie, "Lete vijiko vinne." Akileta sita, mviweke pamoja mezani, kimoja kwa kila mtu, na vilivyozidi vitajionyesha vyenyewe. Tulihesabu vitunguu sokoni, ngazi, na bajaji zilizosimama kituoni. Kiswahili kinamsaidia mtoto hapa, kwa kuwa kumi na moja inajieleza yenyewe, ni kumi na kimoja cha ziada; mpangie vizibo kumi vya soda kwenye mstari, kimoja pembeni, aone.

Kwa upande wa kusoma nilifanya jambo moja tu, nalo ni masikio. Tulipiga makofi kwa kila silabi: ma-cho, ki-ko-mbe, ma-te-mbe-le. Tulicheza pia kutafuta maneno yanayoanza kwa "ma" wakati wa kuosha vyombo: maji, maharage, mandazi, mama. Mtoto aliyezoea kulikata neno kwa sikio akioneshwa "ma, me, mi, mo, mu" ubaoni anaelewa haraka kinachofanyika, kwa sababu Kiswahili kinasomwa kama kinavyoandikwa. Ndiyo maana sikubaliani na kumkaririsha "ei, bii, sii" mtoto anayekwenda kusoma kwa Kiswahili. Anayajua majina ya herufi za lugha nyingine, halafu akiliona neno "baba" hana pa kuanzia.

Usiku umeme ukikatika, vitendawili. "Kitendawili!" "Tega!" Mtoto anajifunza kusikiliza mpaka mwisho kabla ya kujibu, na hiyo ni nusu ya darasa. Kama kuna televisheni, katuni za Akili zinazotengenezwa Dar es Salaam na shirika la Ubongo ni nzuri kwa umri huu, ila kaa naye mtazame pamoja na umuulize alichoona. Kumwashia tu na kumwacha pale hakusaidii.

Kuachana

Mtoto ambaye hajawahi kulala wala kushinda mbali na mama yake atalia, na ana haki ya kulia. Mzoeshe mapema kwa shangazi au kwa jirani, kwanza asubuhi moja, baadaye kutwa. Usitoroke. Wazazi wengi huponyoka mtoto akiwa anacheza, wakidhani wanamhurumia, kumbe wanamfundisha kwamba mama hutoweka ghafla, na tangu hapo anakuganda kila dakika. Muage, mwambie utarudi, na umwambie utarudi lini kwa lugha ya siku yake: "Mkishakunywa uji, mkacheza, mkaimba, nitakuja." Saa haijui. Uji anaujua. Ukishasema hivyo, fika.

Ajue jina lake kamili, jina la mama na la baba, mtaa na namba ya simu. Namba tuliigeuza wimbo wa kuogea. Ajue pia ni nani anayeruhusiwa kumchukua, na kwamba mwingine yeyote, hata akimwita mwanangu, hata akija na bodaboda na biskuti, haendi naye. Na ajue kuwa sehemu zake za siri haziguswi, na akiguswa aje aseme bila kuogopa kuchapwa. Mazungumzo haya usiyafanye mara moja ukayafunga. Yarudie mkiwa mnaoga, mkiwa njiani.

Wiki chache kabla ya Januari anza kumwamsha saa kumi na mbili, ili usingizi wa usiku usogee wenyewe. Tafuta cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki mapema, maana foleni ya Desemba haina huruma. Weka kaptula ya akiba kwenye begi, na umwambie mtoto ipo na kwa nini ipo, ili siku akijilowesha asione aibu kuiomba.

Siku ya kwanza ukifika pale mlangoni, muda wa mwalimu ni mdogo, kwa hiyo mwambie yale yasiyosubiri: mtoto ana pumu, anatumia mkono wa kushoto, hasikii vizuri sikio moja, karanga zinamdhuru. Yaandike kwenye karatasi pamoja na namba yako ya simu, umkabidhi mkononi. Jioni mtoto akirudi, acha kumuuliza amefundishwa nini. Muulize alikaa na nani.