Mkisimama Chiwata: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Kosta zinazopanda uwanda wa Makonde zimeongezeka: vikoba, kwaya, wanachuo, koo zinazorudi kuona asili. Karibuni. Ila mshuke garini mkijua haya.

Msipange vituo saba kwa siku moja. Kutoka Masasi hadi Newala ni kama kilomita 70, na kuna mlima wa kupanda. Chagueni viwili, mkae. Anayeshuka dakika kumi na injini ikiunguruma hajafika popote.

Dereva aulize pa kuegesha. Msimu mmoja wa korosho, Kosta ilirudi nyuma hadi uani kwa mama mmoja, magurudumu yakapita juu ya jamvi alilokuwa ameanikia korosho. Ganda la korosho likipasuka hutoa mafuta meusi yanayobabua ngozi. Nilimkuta amechuchumaa, anatenga nzima na zilizopondwa kwa kijiti, moja moja, jua la saa saba. Zilizopondwa hazipokelewi ghalani. Dereva alikuwa amempa noti ya elfu tano kupitia dirishani, akaondoka. Ule ulikuwa mwaka mzima wa kupalilia na kupulizia dawa. Mkiharibu, shukeni wote, mwiteni mwenyekiti wa kitongoji, mhesabu hasara pamoja na mwenyewe.

Mtoto asing'ate korosho yenye ganda. Midomo itaungua. Bibo ale, lakini avue shati jeupe kwanza.

Usimpige picha bibi kabla ya kumwamkia. Wenye nembo usoni au ndonya mdomoni wamebaki wachache, na simu zinawaelekea kama tochi. Kaa chini, toa shikamoo, sema wewe ni wa nani na umetoka wapi, ndipo uombe. Akikataa, tia simu mfukoni. Mwaka 1906 Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipita huku, Masasi na Newala, akiwa na kamera na fonografu. Vitu vya wazee wetu alivyokusanya vilikwenda Ujerumani. Anayepiga picha na kuondoka tulishamwona zamani.

Mkisikia ngoma porini, msiifuate. Mara nyingi wakati wa likizo za shule kuna jando na unyago. Huko hakuna mtalii, hata awe mtoto wa waziri. Ngoma ya hadharani ni nyingine, hiyo mtaitwa. Na lipiko akitoka kucheza, usiulize ni nani aliye ndani ya kinyago.

Usisimulie vita vya Wajerumani bila wapagazi. Novemba 1917 kamanda wao, Lettow-Vorbeck, alikuwa hapa Chiwata na jeshi lililoishiwa dawa na risasi, kabla ya kuvuka Ruvuma tarehe 25. Chombo kikubwa cha angani, L59, kilitumwa kutoka Bulgaria kumletea shehena huku uwandani, kikageuzwa kikiwa juu ya Sudan. Waongozaji wa safari wanakipenda sana kisa hicho. Lakini mizigo ya majeshi yote mawili ilibebwa vichwani na watu waliokamatwa vijijini, na chakula kilitoka maghalani mwao. Asiyeweza kuwataja hao anyamaze.

Lupaso, vueni kofia. Rais Benjamin Mkapa alizikwa kijijini kwao Julai 2020. Msipige kelele, wala msile chipsi kando ya kaburi.

Shimo la Mungu, Newala, msikaribie ukingo kwa ajili ya picha. Bonde la Ruvuma linaonekana vizuri, na Msumbiji ng'ambo yake, hata ukisimama hatua tano nyuma. Asubuhi ukungu ukifunika, subirini. Chukueni sweta, Juni kuna baridi.

Msioshe gari uwandani. Udongo wetu ni mchanga, mvua ikinyesha maji yanazama mbali. Mabomba husukuma maji kutoka bondeni kupanda huku juu, na yasipopanda, mama na mabinti hushuka genge na ndoo tupu alfajiri na kupandisha lita 20 kichwani. Jazeni madumu yenu Masasi. Mkikaribishwa chakula na mtoto akaja na jagi na beseni, nyoosheni mikono yote miwili pamoja, amimine kidogo, kisha mwambieni basi, jagi lirudi ndani na maji yake.