Jumo 004: Injini Iliyozaliwa na Uhaba wa Madini

Injini ya jeti ina kazi nne: kuvuta hewa, kuikandamiza, kuchoma mafuta ndani yake, kisha kuitoa nyuma kwa kasi. Tabu kubwa iko kwenye kukandamiza.

Frank Whittle wa Uingereza alitumia gurudumu linalorusha hewa pembeni. Injini yake ilikuwa imara, lakini nene kiunoni. Huko Ujerumani, Anselm Franz wa kampuni ya Junkers aliipitisha hewa moja kwa moja, sambamba na mhimili. Safu ya mapanga yanayozunguka huisukuma, na safu isiyozunguka huinyoosha kabla ya kufika safu inayofuata. Kila hatua huongeza shinikizo kidogo tu. Ndiyo maana Jumo 004 ilikuwa na hatua 8, na zote pamoja ziliongeza shinikizo takriban mara 3. Injini ikawa nyembamba, ikafaa kuning'inizwa chini ya bawa. Lakini hewa hiyo inasukumwa kama maji yanayopandishwa mlima. Mtiririko ukivurugika, inarudi nyuma.

Tarehe 18 Julai 1942, Fritz Wendel aliirusha Me 262 kwa injini mbili za aina hii.

Injini za mwanzo zilitumia nikeli na kobalti, madini yanayostahimili joto. Ujerumani ya vita haikuwa nayo ya kutosha. Franz akabuni toleo la pili: vyumba vya kuchomea mafuta vya chuma cha kawaida kilichopakwa alumini, na baadaye mapanga ya turbini yenye uwazi ndani, yakipozwa kwa hewa ya kompresa. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye somo zito kuliko umbo lenyewe. Hata hivyo injini ilidumu saa 10 hadi 25 tu, na rubani aliyeongeza mafuta kwa pupa aliweza kuiunguza au kuizima angani.

Vitabu vya ufundi hupita haraka suala la nani aliyeziunda ndege hizo. Viwiliwili vya Me 262 vilitengenezwa ndani ya mahandaki ya St. Georgen, Austria, na wafungwa wa kambi ya Gusen. Maelfu yao walikufa.

Baada ya vita Wasovieti waliinakili injini hiyo kwa jina la RD-10, wakaifunga kwenye Yak-15. Injini kubwa za ndege za abiria za leo nazo hukandamiza hewa kwa safu za mapanga, na mapanga ya turbini zao bado hupozwa kwa hewa ya kompresa.