Kabla ya Kugombania Maji, Yapime

Mji wa Same hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 kwa mwaka wa kawaida, na mwaka mbaya hata hizo hazifiki. Juu yake, katika Hifadhi ya Mazingira Asilia Chome, kilele cha Shengena kimesimama mita 2,462 juu ya usawa wa bahari na mawingu ni ya kila siku. Kati ya huko juu na tambarare ya Makanya ndiko uliko ugomvi karibu wote wa maji wa Upare ya Kusini: maji yanatoka kwa huyu, yanahitajika kwa yule, na njiani kuna tangawizi, mahindi, maharage na mifugo.

Makala hii ni ya mtu aliye kwenye kamati ya mfereji, na pia ya yule aliye nje ya kamati akiilalamikia.

Wapare hawakungoja mradi. Kwa vizazi vingi wamejenga ndiva, yaani bwawa dogo la kukinga maji ya mfereji usiku kucha, ili asubuhi lango lifunguliwe na mwenye zamu amwagilie. Sababu yake ni rahisi. Kijito chembamba ukikielekeza shambani moja kwa moja, udongo hukinywa kabla hakijafika mwisho wa tuta. Maji yaliyokusanywa hutoka kwa nguvu na kufika. Ndiva nyingi zilikuwa za koo, na mwenye ukoo ndiye aliyejua nani anamwagilia lini. Leo nyingi ziko chini ya kamati, na kadhaa zimejengewa upya kwa mawe na saruji. Msaragambo, yaani kazi ya pamoja, wa kuzoa tope umebaki palepale: asiyefika hulipa faini au hukosa zamu.

Tatizo huanza mto mmoja unapokuwa na ndiva nyingi. Mto Vudee unateremka kutoka kijiji cha Vudee hadi Bangalala, iliko ndiva ya Manoo, kisha kuelekea Makanya, ambako maji hufika hasa mafuriko yanapokuja. Watafiti waliofanya kazi katika bonde hilo miaka ya 2000 walikuta watu wa juu na wa chini wana makubaliano yao ya kugawana saa za maji. Walikuta pia kwamba makubaliano hushika vizuri kati ya watu wanaofahamiana na kukutana, na hulegea kadiri umbali unavyoongezeka. Jirani unamwonea haya. Mtu wa Makanya humwoni.

Kwa hiyo, kabla hujaitisha mkutano wa kulaumu, pima. Vifaa unavyo nyumbani.

Kwa chemchemi au bomba, chukua dumu la lita 20 na simu yenye saa. Likijaa kwa sekunde 40, chanzo kinatoa nusu lita kwa sekunde, sawa na lita 18,000 kwa saa kumi za usiku. Kwa mfereji, tafuta karibu na banio, pale maji yanapotoka mtoni, kipande kilichonyooka cha mita 10, pima upana na kina chake, kisha dondosha gunzi kavu la mahindi na uhesabu sekunde. Tuseme upana ni sentimita 40, kina ni sentimita 10, na gunzi limetumia sekunde 40. Mwendo ni robo mita kwa sekunde, na hesabu inakupa lita 10 kwa sekunde. Chukua robo tatu tu ya hiyo, maana maji ya chini na ya kandokando huenda polepole kuliko ya juu: umebaki na lita 7 na nusu.

Sasa rudia kazi hiyohiyo mfereji unapoingia kwenye ndiva. Ukikuta lita 4, zimepotea lita 3 na nusu kila sekunde, na kwa saa 12 ni madumu zaidi ya 7,500. Tembea mfereji mzima na mtu wa juu akiwepo. Utakuta mashimo ya fuko, kingo zilizokanyagwa na ng'ombe, mizizi, pengine mpira wa mtu uliofichwa kwenye majani. Kwa maoni yangu kesi nyingi za "watu wa juu wanatuibia" zingepungua nusu kama pande mbili zingetembea mfereji pamoja, kwa sababu mwizi mkubwa mara nyingi ni udongo wenyewe. Mita chache za saruji mahali penye kuvuja zaidi hushinda faini ya mwaka mzima. Pima Septemba, kabla ya vuli, maana kipimo cha Aprili kitawadanganya wote.

Vipimo vikishapatikana, andikeni. Makubaliano ya mdomo hufa na wazee walioyafanya. Karatasi moja inatosha: nani anafunga banio saa ngapi, maji yakishuka chini ya kiwango fulani nani anapunguza kwanza, faini ni kiasi gani na inakwenda wapi. Isainiwe na vijiji vyote viwili, na nakala ibaki kwenye ofisi ya kata.

Hapa sheria inawasaidia kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 imeweka foleni: kwanza maji ya matumizi ya nyumbani, pili maji ya kuuacha mto wenyewe uishi, ndipo kilimo, mifugo, viwanda na mengine. Maana yake mwenye shamba la tangawizi hawezi kuukausha mto huku wa chini wakikosa maji ya kupikia, hata kama chanzo kipo nyuma ya nyumba yake. Sheria hiyohiyo inatambua haki za kimila za maji, lakini haki isiyosajiliwa ni ngumu kuitetea mwekezaji mwenye kibali anapokuja. Vibali na usajili wa jumuiya za watumia maji vinashughulikiwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, Moshi. Nendeni na vipimo vyenu na yale makubaliano yenu. Mtasikilizwa tofauti na mtu aliyekuja na hasira peke yake.

Afya ya mto nayo inaanzia juu. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Kwenye miteremko ya Upare, ambako shamba zima la mtu linaweza kuwa ndani ya mita hizo, kulitamka hilo ni rahisi kuliko kulitekeleza. Anzeni na chemchemi. Zile zilizosalia vizuri nyingi zimo kwenye misitu midogo ya jadi, mpungi na mshitu, ambako miiko ilizuia shoka. Mikuyu ya humo msiikate, na mikaratusi msiipande karibu. Shamba la mteremkoni lipate makinga maji, maana tangawizi iliyopandwa kufuata mteremko huuzoa udongo na kuujaza kwenye ndiva yako mwenyewe. Bomba la kupulizia dawa lioshewe shambani, kamwe si mferejini. Ng'ombe wajengewe birika pembeni ya mto. Na maji ya mfereji, yawe meupe vipi, yachemshwe kabla ya kunywa.

Huko tambarare mambo ni mengine. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mradi wa Same–Mwanga–Korogwe, unaochukua maji ya Bwawa la Nyumba ya Mungu, baada ya ujenzi uliosuasua kwa miaka mingi. Ni faraja, ila bomba kupita mtaani na maji kufika kwenye dumu la mjane ni mambo mawili. Mjini, bei za mamlaka ya maji zinasimamiwa na mdhibiti wa huduma za nishati na maji, EWURA, na huko ndiko pa kupeleka lalamiko ambalo mamlaka imelikalia. Vijijini, chini ya sheria ya huduma za maji ya mwaka 2019, ni wakala wa maji vijijini, RUWASA, pamoja na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Chombo hicho ni chenu. Kiombeni kisome mapato na matumizi mkutanoni: madumu mangapi yameuzwa, fedha iko benki gani, fundi alilipwa nini. Na wanaochota maji kila siku wawemo kwenye kamati, maana mtu ambaye hajawahi kubeba dumu hawezi kujua kichoteo kinafaa kufunguliwa saa ngapi.

Bati nalo lisisahauliwe. Nyumba ya mita 6 kwa 8, ikinyeshewa milimita 10, inatoa karibu lita 400 baada ya kutoa zinazopotea. Ni madumu 20 kwa mvua moja ya jioni. Maji ya dakika za mwanzo yamwage, yana vumbi na kinyesi cha ndege. Tenki lifunikwe mbu wasizaliane, na mfereji wa bati usafishwe Oktoba, kabla wingu la kwanza halijashuka kutoka Shengena.