MAJINA TUWAPAYO WATU

Ndugu zetu, utumwa ulikomeshwa kwa sheria Unguja mwaka 1897, na katika pwani yetu mwaka 1907. Minyororo ilikatika, maneno hayakukatika. Hata leo mposaji huulizwa kwanza, "Wa ukoo gani?" kabla ya kuulizwa dini na tabia yake.

Zama za Wazungu, mtu mzima mwenye mke na watoto aliitwa "boi". Nasi tukalichukua neno lile tukalitia majumbani mwetu. Siku hizi matangazo ya picha huwafunza binti zetu kuwa uzuri ni weupe. Baadhi yao hujipaka dawa zenye zebaki, nayo hudhuru figo.

Basi neno likikaririwa huwa itikadi, na itikadi huwa hukumu. Sura ya Hujurat imekataza kuitana kwa majina mabaya, na ubora ikaupa ucha Mungu. Naye Mtume (S.A.W.) alimuoza Zainabu binti Jahshi, binti wa shangazi yake, kwa Zaidi bin Haritha, aliyekuwa mtumwa akaachwa huru.

Tuanzeni nyumbani: tumwite mtumishi kwa jina lake, wala tusimrudishe mposaji mwema kwa sababu ya babu yake.