Nyoka wa Porini au Nyoka wa Kizimbani? Somo juu ya Mnunuzi na Dhamiri Yake

Mfano

Na wafikiriwe watu wawili katika komini ya Annexe, ile inayouzunguka mji wa Lubumbashi. Mmoja ni kijana aliyemaliza shule ya sekondari, wala hajapata kazi. Wa pili ni mwalimu mzee aliyemfundisha zamani.

Asubuhi moja, katika njia ya Kasungami, kijana huyo alikutana na mtu aliyefunga gunia nyuma ya baiskeli. Ndani ya gunia walikuwamo chatu wawili, dume na jike, waliofukuliwa katika kichuguu na wakataji wa miti ya mkaa. Mwuzaji akamwambia: “Nunua, ndugu yangu. Huko Ulaya watu huwafuga nyumbani kama paka. Ukiwazalisha hawa, watoto wake ni arobaini kwa mara moja. Nawe usiponunua, jioni wataingia chunguni.”

Moyo wa kijana uligawanyika. Faida ilimvuta upande mmoja, na huruma ikamsukuma upande ule ule. Akaomba apewe nafasi hadi saa sita, akaenda kwa mwalimu wake.

“Shikamoo, Baba. Je, ninunue au nisinunue?”

“Marahaba, mwanangu. Kabla ya kuuliza bei, uliza walikotoka. Jibu la swali hilo ndilo litakalokuambia kama bei ni halali.”

Somo hili lafuata njia ya swali la mwalimu.

I. Maana ya maneno

Katika biashara ya nyoka, maneno “wa porini” na “wa kizimbani” hutumiwa na kila mtu, lakini si wote wanaoyapa maana moja. Yafaa kutofautisha namna tatu.

Kwanza, nyoka aliyekamatwa porini. Huyu alizaliwa huru, akakua huru, kisha akatiwa guniani.

Pili, nyoka aliyeanguliwa mikononi mwa watu, lakini yai lake lilitoka porini. Mfano mkubwa ni chatu mdogo wa Afrika ya Magharibi, aitwaye kwa Kilatini Python regius. Katika nchi za Togo, Benin na Ghana, watu hufukua mashimo, huchukua mayai, au majike yenye mimba, na kuyapeleka kwa wafanya biashara. Mayai huanguliwa huko, na watoto husafirishwa hadi Ulaya na Marekani. Mtu akisema kwamba watoto hao wamezaliwa kizimbani, hasemi uongo. Lakini hasemi kweli yote, kwa kuwa mama zao walitolewa porini, na mwaka ujao wengine watatolewa tena.

Tatu, nyoka aliyezaliwa na wazazi ambao nao wamo kizimbani, mahali palipothibitika kwamba uzazi waweza kuendelea hata kizazi cha pili bila kutegemea pori. Huyu peke yake ndiye anayestahili kwa haki jina la mzaliwa wa kizimbani.

Katika hati za biashara ya mataifa, namna hizo hutiwa alama za herufi: W kwa wa porini, R kwa waliolelewa kutoka mayai au watoto wa porini, C kwa wazaliwa kamili wa kizimbani. Ipo pia herufi F kwa waliozaliwa kizimbani pasipo kutimiza masharti yote ya C. Basi, mnunuzi asiridhike na neno la mdomo, bali atazame herufi.

II. Hali ya nyoka aliyekamatwa

Mtu asiyejua hudhani kwamba nyoka wa porini ana nguvu kuliko mwenzake wa kizimbani. Mara nyingi ni kinyume. Porini nyoka huishi na kupe juu ya ngozi na minyoo ndani ya matumbo, na mwili wake huvumilia, kwa kuwa anachagua mwenyewe jua, kivuli, maji na mawindo. Akitiwa guniani hukosa maji na joto lake, huingiwa na hofu, na vile vimelea alivyovivumilia hupata nguvu juu yake. Wengi hukataa chakula kwa majuma au miezi. Aliyezaliwa kizimbani, kinyume chake, amezoea panya anayewekewa na mkono unaomshika.

Hatari hiyo haimwishii nyoka mwenyewe. Katika jimbo la Florida, Marekani, chatu wakubwa wa Asia walioletwa kwa ajili ya kufugwa walitoroka au kuachiliwa, wakazaana katika mabwawa. Pamoja nao aliingia kimelea wa mapafu aitwaye Raillietiella orientalis, naye sasa ameenea katika nyoka wa asili wa nchi ile, ambao hawakumjua kamwe.

Wala Kongo haikosi mfano wake. Mwaka 2014 wataalamu walitangaza habari za wagonjwa wa Sankuru walioingiwa machoni na vimelea vya nyoka viitwavyo Armillifer grandis. Mayai ya vimelea hivyo hutoka kwa nyoka, na mtu huyameza kwa mikono isiyonawiwa au kwa nyama isiyoiva vema. Kwa hiyo baba mwenye watoto wadogo, anayeingiza nyumbani nyoka wa guniani, ameingiza pamoja naye wageni asiowaona.

Tena chatu wa kusini mwa Afrika, Python natalensis, ndiye anayepatikana Katanga, naye aweza kufikia urefu wa meta tano. Kizimba kinachomtosha leo hakitamtosha baada ya miaka michache.

III. Kinachopotea porini

Mwuzaji aliuza wawili. Lakini je, ni wawili tu waliopotea?

Jike la chatu huyo hutaga mayai kwa makumi, hujizungusha juu yake, na kuyaatamia karibu miezi mitatu. Katika muda huo hali chakula. Mtaalamu Graham Alexander wa Afrika ya Kusini, katika utafiti uliotangazwa mwaka 2018, alieleza kwamba mama huota jua mpaka mwili upate moto mkali, kisha hurudi shimoni kuwapa joto watoto. Hata baada ya kuanguliwa hukaa nao wiki mbili hivi. Anayefukua kichuguu wakati huo hachukui nyoka mmoja: anazima jiko la nyumba nzima.

Mkulima naye hupata hasara, ingawa haioni. Chatu mchanga na nyoka wengine wengi hula panya. Shamba la mahindi la Luwowoshi au Kalebuka lililokwisha nyoka wake halikwishi panya wake.

Na kuna nyoka ambao ni wachache hata mnunuzi mmoja mwenye tamaa aweza kuwamaliza. Mwaka 2011 wataalamu walieleza kwa mara ya kwanza nyoka wa mitini mwenye pembe juu ya macho, kutoka misitu ya kusini mwa Tanzania, wakampa jina Atheris matildae. Desturi ya wataalamu ni kutaja mahali mnyama alipoonekana. Safari hii walificha mahali hapo kwa makusudi, kwa kuwaogopa wakamataji wanaouzia wafugaji.

IV. Sheria

Mkataba wa mataifa juu ya biashara ya viumbe wa porini, uitwao CITES, ulitiwa sahihi mjini Washington tarehe 3 Machi 1973, na nchi ya Kongo, iliyoitwa Zaïre wakati huo, ilijiunga nao mwaka 1976. Jamii yote ya chatu imo katika orodha zake. Kwa hiyo anayemvusha chatu mpakani Kasumbalesa, au kumpeleka uwanja wa ndege, pasipo hati ya serikali, ameivunja sheria, hata kama alimnunua kwa fedha zake halali. Kongo yenyewe ina pia sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya kuhifadhi maumbile. Nayo Tanzania, mwaka 2016, ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nchi za nje.

V. Pingamizi na majibu

Pingamizi la kwanza: “Nikiwanunua, nawaokoa na chungu.” Hili ndilo pingamizi gumu, kwa sababu latoka katika huruma. Jibu: fedha ya huruma na fedha ya tamaa zina sura moja mkononi mwa mkamataji. Akiuza gunia moja leo, kesho atafukua vichuguu viwili. Lubumbashi yajua jambo hili. Tangu mwaka 2006 kituo cha J.A.C.K. mjini humo hupokea sokwe wachanga walionyang’anywa wafanya biashara. Kila mmoja wao ni shahidi wa mama aliyeuawa ili mtoto auzwe; nao wauaji walifanya hivyo kwa kuwa walitumaini mnunuzi.

Pingamizi la pili: “Wafugaji wanahitaji damu mpya, kwa maana nyoka wa kizimbani wakioana ndugu kwa ndugu, wataharibika.” Hapa kuna kweli ndani yake. Wapo chatu wa Python regius wenye mapambo kama utando wa buibui, wote wazao wa dume mmoja aliyetolewa Afrika karibu na mwaka 1999. Nao hutikisika vichwa kwa kasoro ya urithi. Lakini kosa hilo ni la wafugaji waliopenda rangi kuliko afya. Kanuni za mkataba huruhusu kuongeza mnyama wa porini mara chache, kwa hati na kwa sababu iliyopimwa. Haziruhusu gunia la njiani.

Pingamizi la tatu: “Mimi ni maskini.” Umaskini wastahili heshima, wala haudharauliwi. Walakini kijana huyu hana kizimba chenye joto, hana hati, hana mganga wa wanyama, wala hamjui mnunuzi wa watoto arobaini. Fedha ya mwisho ya nyumbani ingeliwa na nyoka waliokataa kula.

VI. Hukumu

Basi, anayetaka kufuga nyoka na aulize haya: Wazazi wake wako wapi, nao waweza kuonekana? Hati yake ina herufi gani? Anakula, na tangu lini? Atakuwa na ukubwa gani baada ya miaka mitano? Jibu moja likikosekana, asinunue. Na nyoka mwenye sumu asiingizwe kamwe katika nyumba ya watu.

Saa sita kijana alirudi njiani, akasema: “Sinunui, ndugu. Warudishe kichuguuni.” Mtu yule alicheka, akapanda baiskeli, akaenda zake na gunia. Jioni kijana alimwambia mwalimu kwa uchungu: “Baba, labda wamekwisha kuliwa.”

Mzee alinyamaza kidogo. “Labda, mwanangu. Sitakudanganya kwamba umewaokoa hao wawili. Lakini kesho mtu yule atakapotazama kichuguu kingine, hatahesabu fedha yako.”

Maswali ya kujifunza

1. Kwa nini neno “amezaliwa kizimbani” halitoshi peke yake?
2. Chatu jike akichukuliwa wakati wa kuatamia, ni nini kinachopotea?
3. Kwa nini wataalamu walificha makao ya Atheris matildae?
4. Je, kununua kwa huruma kwaweza kuongeza ukatili? Toa mfano wa mahali pako.
5. Kijana alipoteza nini kwa kukataa, na alilinda nini?