Boma la Mahenge

Sote twalijua neno "boma". Kwa asili ni ua wa miti au miiba uzungukao nyumba na mifugo, ili watu walale salama. Lakini tangu siku za Wadachi, yaani Wajerumani, limepata maana ya pili: nyumba ya serikali. Hata leo mtu aitwaye na mkuu wa wilaya husema, "Naenda bomani." Katika somo hili twataka kuonyesha jinsi maana hizi mbili zilivyokutana katika nchi yetu.

Mtu atokaye Ifakara kwenda kusini huvuka mto Kilombero, siku hizi kwa daraja lililofunguliwa mwaka 2018, kisha hupanda milima ya Upogoro hata Mahenge. Huko juu Wadachi waliweka ngome ya askari wao. Kutoka huko walitoza kodi na kuwashurutisha watu kufanya kazi. Basi kwa wenyeji boma lile halikuwa ua wa kuwalinda, bali mkono uliowashika.

Mwezi wa Julai 1905 vita vilianza katika milima ya Umatumbi. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amewapa watu maji ya dawa, akisema kwamba risasi za Wadachi zitageuka kuwa maji. Alinyongwa tarehe 4 Agosti, lakini dawa yake ilikuwa imekwisha kuenea, nayo ikafika Ulanga. Tarehe 30 Agosti maelfu ya Wapogoro na Wambunga wakaiendea ngome ya Mahenge. Ndani alikuwamo Kapteni von Hassel na askari wake, wenye bunduki mbili za bombomu, yaani zitoazo risasi nyingi mfululizo. Watu wale walikuja mbele bila kujificha, kwa kuwa waliyaamini maji. Wengi sana walianguka; wengine walifika hatua chache tu mbele ya bunduki. Ngome haikutekwa, na mwezi wa Septemba Kapteni Nigmann akaja kutoka Iringa kuwaokoa waliokuwamo.

Tena tuangalie jambo hili: vita vile havikuwa vya Wazungu na Waafrika tu. Askari wengi wa Wadachi walikuwa Waafrika. Na Mtema Kiwanga wa Wabena wa Ulanga alishikamana na Wadachi, kama alivyowasaidia zamani juu ya Mkwawa wa Wahehe. Tusimhukumu upesi, watu wake walikuwa wameonewa na Wahehe, nao walitafuta kimbilio. Lakini hivyo watu wa bonde moja walisimama pande mbili za ukuta.

Baada ya mapigano ikaja njaa, nayo ikaua wengi kuliko risasi. Majeshi ya Wadachi yalichoma vijiji, yakatwaa nafaka na kuharibu mashamba, ili njaa imalize kazi. Serikali yao ilihesabu watu 75,000 waliokufa katika nchi zote za vita. Wataalamu wa baadaye husema 250,000 hata 300,000. Maji hayakuwaokoa watu, wala ukuta wa boma haukuwakinga waliokuwa nje yake.

Sisi Walutheri twaimba wimbo wa Luther umfananishao Mungu na ngome. Luther alizijua ngome: mwaka 1521 alifichwa katika ngome ya Wartburg, akaanza kufasiri humo Agano Jipya. Kwake ukuta ule ulikuwa kimbilio. Kwa babu zetu wa Ulanga ukuta ulikuwa kitisho. Mwalimu afundishaye wimbo ule katika bonde hili hana budi kueleza tofauti hiyo. Boma la Mahenge liliwakinga wachache na kuwatisha wengi. Ngome isemwayo katika Zaburi ya 46 haina watu wa nje. Mlango wake u wazi kwa kila akimbiliaye.

Leo wajukuu wa Wapogoro, Wambunga na Wabena huketi katika benchi moja kanisani. Tuwasimulie watoto habari hizi zote, si kwa kuamsha chuki, bali ili mtu asimwekee jirani yake ukuta.

Maswali ya darasa:
1. Neno "boma" lina maana gani mbili?
2. Kwa nini watu walikwenda mbele ya bunduki bila kujificha?
3. Kwa nini njaa iliua wengi kuliko risasi?
4. Ni kuta gani zilizobaki kati yetu leo?