Somo la Hesabu: Thamani ya Haki ya Mali na Madeni ya Chama

Kwa Makatibu, Wajumbe wa Bodi na Wanachama

Kila mwisho wa mwaka katibu hufunga vitabu na kutengeneza mizania. Upande mmja huandika mali za chama: ghala, mizani, pikipiki, mahindi yaliyomo stoo, fedha zilizoko benki na fedha zinazodaiwa wanachama. Upande wa pili huandika madeni, hisa na akiba. Pande mbili zikilingana, katibu hushusha pumzi. Lakini kulingana kwa mizania hakuthibitishi kuwa tarakimu zake ni za kweli. Mizania yaweza kulingana hadi senti ya mwisho, na bado ikawaeleza wanachama habari za ulimwengu uliokwisha pita.

Somo hili linahusu swali moja: mali iandikwe kwa thamani gani, na deni liandikwe kwa thamani gani, ili mwanachama asomapo mizania ajue hali ya chama chake ilivyo leo?

1. Gharama si thamani

Sisi wa Kaliua na Urambo tuna mfano mkubwa karibu na milango yetu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa kulima karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliletwa, misitu ikasafishwa, barabara na nyumba zikajengwa. Mpango ulipoachwa mwaka 1951, karibu pauni milioni 36 zilifutwa vitabuni. Fedha zilikuwa zimetumika kweli, na hati za malipo zilikuwapo. Hata hivyo mali iliyobaki haikuweza kuzalisha wala kuuzwa kwa kiasi kinachokaribia fedha hizo. Ndipo ilipodhihirika kuwa fedha iliyotumika ni jambo moja, na thamani iliyopatikana ni jambo jingine.

Kosa la upande wa pili ni la kawaida zaidi katika vyama vyetu. Chama kilijenga ghala zamani, shilingi ilipokuwa na nguvu. Mwaka 1986 shilingi ilishushwa sana thamani, na tangu hapo bei zimepanda mara nyingi. Vitabuni ghala limebaki kwa bei ya ujenzi, likakatwa uchakavu mwaka baada ya mwaka hadi kubaki na tarakimu ndogo ya kuchekesha. Mwenye kusoma mizania hiyo ataona chama maskini, ingawa kina jengo imara kandokando ya barabara.

Historia ya ushirika inatuonya tusilichukulie jambo hili kwa wepesi. Mwezi Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na kazi na mali zao zikakabidhiwa kwa mamlaka za mazao na vyombo vingine vya umma. Vilirudishwa baada ya sheria ya mwaka 1982. Kila makabidhiano ya namna hiyo, kama ilivyo kila muungano wa vyama na kila mgawanyo wa chama, huuliza swali lile lile: mali hii ina thamani gani leo? Chama kisichokuwa na jibu katika vitabu vyake hupokea jibu la mwingine.

2. Maana ya thamani ya haki

Tanzania ilianza kufuata viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha tarehe 1 Julai 2004. Miongoni mwa viwango hivyo kipo cha 13, kilichotolewa mwaka 2011 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2013, kinachoeleza namna ya kupima thamani ya haki. Kwa maneno yetu, thamani ya haki ni bei ambayo mwenye mali angeipokea kwa kuiuza, au ambayo mwenye deni angelipa ili mwingine alichukue deni lake, katika mapatano ya kawaida baina ya watu wa soko, siku ile ya kufunga hesabu.

Tuyapime maneno hayo moja moja.

Bei ya kuuza. Hatuulizi tulinunua kwa kiasi gani. Tunauliza tungepokea nini kama tungeuza.

Mapatano ya kawaida. Muuzaji hakulazimishwa, na alipata muda wa kutosha wa kutafuta wanunuzi. Bei ya mnada wa mali iliyokamatwa kwa deni si thamani ya haki, na bei ya kumpendelea ndugu au kiongozi vilevile si thamani ya haki.

Watu wa soko. Ni wanunuzi na wauzaji wanaoijua mali na wasiotegemeana. Haitoshi Bodi kusema, "Sisi tunalipenda ghala letu, hatuwezi kulitoa kwa chini ya kiasi fulani." Mapenzi ya mwenye mali hayamo katika kipimo.

Siku ya kufunga hesabu. Bei ya msimu uliopita, au ile tunayoitumaini msimu ujao, si bei ya siku hiyo.

3. Soko lipi?

Kipimo huanzia katika soko kuu la mali hiyo, yaani soko ambalo mali ya aina hiyo huuzwa kwa wingi zaidi na ambalo chama kinaweza kulifikia. Ikiwa soko kuu halipo, huchukuliwa soko lenye manufaa zaidi.

Wazee wetu waliielewa kanuni hii katika siku za misafara. Frasila ya pembe iliyokuwa Ujiji haikuwa na thamani ya frasila iliyokwisha fika Unguja. Kati yake palikuwa na wapagazi, posho, hongo za njiani na miezi ya mwendo. Aliyekuwa Tabora alihesabu bei ya pwani, kisha akaondoa gharama za njia.

Leo tuchukue mfano wa ndoo ya asali iliyoko Kaliua, na tuseme soko lake kuu ni Tabora. Bei ya Tabora ni shilingi 90,000, usafiri ni 4,000, na dalali hutoza 2,000. Thamani ya haki ya ndoo iliyoko Kaliua ni 86,000. Usafiri huondolewa kwa sababu mahali ilipo mali ni sehemu ya hali ya mali yenyewe. Ada ya dalali haiondolewi, kwa kuwa hiyo ni gharama ya biashara na si sifa ya asali. Viwango vingine vinapotutaka tutoe gharama za kuuza, huitoa baadaye, katika mstari wake.

Kwa mali kama ardhi na majengo tunauliza pia: je, kwa watu wa soko, matumizi bora ya mali hii ni yapi, yakiwa yanawezekana, yanaruhusiwa na sheria na yana faida? Ghala kuukuu karibu na stesheni, pale njia ya Mpanda inapoachana na reli ya Kigoma, laweza kuwa na thamani kubwa zaidi kama maduka. Tukumbuke pia kwamba tangu Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, haki ya kumiliki ardhi yenyewe inatambuliwa kuwa na thamani, hata kabla ya kuhesabu maendelezo yaliyo juu yake.

4. Madaraja matatu ya ushahidi

Daraja la kwanza ni bei iliyotangazwa katika soko hai, kwa mali ile ile. Chama chenye hisa za benki ya CRDB, iliyoandikishwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2009, hakihitaji kubuni lolote. Kinasoma bei ya siku ya kufunga hesabu.

Daraja la pili ni ushahidi unaoonekana sokoni, ingawa si wa mali ile ile: pikipiki ya aina moja iliyouzwa karibuni, au pango linalolipwa kwa majengo ya jirani.

Daraja la tatu ni makadirio yetu wenyewe, pale ambapo soko halitupi ushahidi wa kutosha. Majengo mengi ya vijijini huangukia hapa, kwa sababu mauzo ni machache na marekebisho ni mengi. Daraja hili haliharamishwi, ila linadai maelezo zaidi. Katibu aandike ni makadirio gani yaliyotumika, nani aliyafanya na kwa sababu gani. Kwa ardhi na majengo atafutwe mthamini aliyesajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2016 ya uthamini.

5. Si kila kitu hupimwa hivyo

Hapa ndipo makatibu wengi huchanganyikiwa. Kiwango cha 13 hueleza namna ya kupima. Viwango vingine ndivyo husema nini kipimwe.

Ghala na mitambo: chama huchagua kubaki na gharama baada ya uchakavu, au kuthamini upya. Kikichagua kuthamini, kithamini kundi zima la mali za aina hiyo na kurudia mara kwa mara. Hakiruhusiwi kuthamini ghala lililopanda na kuliacha lililoshuka.

Bidhaa za stoo: huandikwa kwa gharama, au kwa bei ya kuuzia baada ya kutoa gharama za kuuza, ile iliyo ndogo.

Miti ya kukata: vyama vyetu vya tumbaku hupanda miti kwa ajili ya kuni za kukaushia. Miti hiyo, ikiwa bado imesimama shambani, hupimwa kwa thamani ya haki baada ya kutoa gharama za kuuza. Ongezeko lake huingia katika mapato ya mwaka, ijapokuwa hakuna shilingi iliyoingia kasha. Mkutano mkuu uambiwe hivyo waziwazi.

Tumbaku ya wanachama: ikiwa imeletwa ghalani ili iuzwe kwa niaba yao, si mali ya chama. Isiandikwe katika mizania kuwa ni bidhaa za chama, hata kama ghala limejaa hadi darini.

Fedha zinazodaiwa wanachama: hazithaminiwi kwa bei ya soko, lakini lazima zipunguzwe kwa kiasi ambacho hakitarajiwi kulipwa. Deni la aliyehama bila kuacha mali halitalipwa kwa sababu tu limo daftarini.

Mkopo wa dola: pembejeo za tumbaku zinapokopwa kwa dola, deni hubadilishwa kuwa shilingi kwa kiwango cha siku ya kufunga hesabu, si kwa kiwango cha siku ya kukopa.

6. Mfano wa hesabu

Tukitungie chama jina la Chama A, nazo tarakimu ziwe za mfano tu. Katibu wake amefunga vitabu na kupata ziada ya shilingi 7,000,000, na wanachama wameanza kuuliza habari za mgao. Mkaguzi anakuta mambo manne:

(a) Ghala limo vitabuni kwa 6,000,000. Mthamini analiweka katika 30,000,000. Ongezeko ni 24,000,000.

(b) Magunia 200 ya mahindi yalinunuliwa kwa 60,000 kila moja. Sasa yatauzwa kwa 55,000, na gharama za kuuza ni 3,000. Yaandikwe kwa 52,000. Hasara ni 1,600,000.

(c) Wanachama wanadaiwa 20,000,000. Katika hizo, 5,000,000 hazitarajiwi kulipwa. Hasara ni 5,000,000.

(d) Benki inadai dola 10,000. Zilikopwa kwa shilingi 2,300 kwa dola; siku ya kufunga hesabu ni 2,500. Hasara ni 2,000,000.

Jumla ya hasara ni 8,600,000. Ziada ya 7,000,000 imegeuka kuwa upungufu wa 1,600,000.

Je, lile ongezeko la ghala haliwezi kuziba pengo? Haliwezi. Ongezeko la kuthamini upya huenda katika akiba ya uthamini, halipiti katika ziada ya mwaka. Utajiri wote wa Chama A umeongezeka kwa 15,400,000, na wakati huo huo hakina ziada ya kugawa hata shilingi moja. Atakayegawa fedha kwa kutegemea thamani ya ghala atalazimika kukopa ili alipe, na riba italipwa na wakulima wale wale waliopokea mgao. Zaidi ya hayo, uchakavu wa miaka ijayo utahesabiwa juu ya 30,000,000, hivyo gharama za kila mwaka zitapanda.

Faida ya kuthamini ni nini basi? Wanachama wanajua walicho nacho. Benki inapotaka dhamana, chama hakipunjwi. Na akitokea mtu wa kulinunua ghala kwa milioni 10, akisema hiyo ni zaidi ya bei ya vitabuni, mkutano mkuu utakuwa na jibu.

7. Maswali ya kujadili chamani

1. Orodhesheni mali za chama chenu. Zipi zimeandikwa kwa gharama, na gharama hiyo ni ya mwaka gani?

2. Je, bidhaa zilizomo ghalani leo ni za chama au za wanachama? Ni hati gani inayothibitisha?

3. Madeni yapi ya wanachama hayajalipwa kwa misimu miwili mfululizo, na yamepunguzwa vitabuni kwa kiasi gani?

4. Mkopo wenu ukiwa wa dola, piga hesabu yake kwa kiwango cha leo. Tofauti ni kiasi gani?

5. Mwanachama anadai mgao kwa sababu thamani ya ghala imepanda. Mjibuni kwa kutumia mfano wa Chama A.